Siku Landrova Ilipotafuta Mkono wa Kulia

Klachi ikiungua hutoa harufu moja mbaya, kama mtu kachoma kwato za ng'ombe pamoja na viatu vyake. Juzi gari la mjukuu wangu lilishindwa na mlima, harufu ile ikanifuata hadi kiti cha nyuma, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimekamata kiti cha mbele kwa mikono yote miwili nikipiga kelele, "Kuria! Kuria!" Mjukuu akakanyaga breki nusura nipitie kwenye kioo. "Bibi, umeona nini?" Nikamwambia sijaona kitu, twende. Kijana wa leo utaanzia wapi kumweleza? Lakini ninyi wa umri wangu, mliokula vumbi la Landrova za kwanza mkadhani ni manukato ya Ulaya, ninyi nitawaeleza.

Kwetu kulikuwa kusini mwa Mto Mara, pale milima ya Tarime inapobaki nyuma ya mgongo na mbuga inaanza, tambarare mpaka macho yachoke. Kiangazi ninachokisema kilikuwa kikali mpaka vyura walisahau kuogelea. Udongo mweusi ulipasuka nyufa za kumeza mbuzi. Kuna mbuzi wa jirani alitumbukia kwenye ufa mmoja, na mpaka leo naamini alitokea Kenya. Majani yalikuwa yamekwisha, kumebaki miiba, vichuguu na mawe, na katikati ya hayo kisima kimoja ambacho ng'ombe wetu na sisi tulikigombania kwa zamu.

Kisima hicho ndicho kilichomleta Sudi. Alikuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyezunguka mbugani akigonga mawe kutafuta dhahabu, na kazi ya Sudi ilikuwa kuja kujaza mapipa ya maji. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo kwa vumbi la kwetu iligeuka rangi ya ugali wa mtama. Wasichana wenzangu walimwogopa. Mimi nilimwambia shikamoo, akafurahi kama amepewa fahali, na kuanzia siku hiyo akaniruhusu kukaa kiti cha mbele wakati akichota maji.

"Binti," alinieleza siku moja, akinionyesha vijiti vya gia sakafuni, "gari hili lina miguu minne, lakini kwenye njia nzuri hutumia miwili ya nyuma tu. Njia ikiharibika navuta hiki, ndipo miguu ya mbele nayo inashika kazi."

Nikaelewa kabisa. Yaani Landrova kwenye njia nzuri husimama ikatembea kwa miguu ya nyuma kama mtu, na njia ikiharibika huinama ikatembea kwa minne kama ng'ombe. Nilisikitika sana kwamba kwetu njia zote ni mbaya, nisingeiona imesimama.

Ni huyo huyo Sudi aliyeanza kunifundisha Kiswahili. Huu mkono wa kushoto, huu mkono wa kulia. Kulia nilikuwa nakujua tayari, kwa sababu nyumbani tulichapwa sana. Nikaona lugha ya watu wa pwani ina akili: imeuweka mkono mmoja maalumu kwa ajili ya machozi. Tangu hapo nikichapwa nililia nikajifuta kwa mkono ule tu, kwa utiifu.

Mnajua pia ulimi wetu sisi Wakurya wa zamani. Haukuona sababu ya kuwa na l na r zote mbili, r moja ilitosha familia nzima. Baba yangu alikifahamu Kiswahili kidogo, na kila neno lilipopita kinywani mwake l zote zilitoka zimegeuka r.

Siku yenyewe jua lilikuwa utosini. Sudi alikuwa ameinamia kisima, mimi nimekaa kwenye Landrova nikizungusha usukani na kuunguruma kwa mdomo. Kaka yangu Marwa alikuwa ananywesha ng'ombe. Marwa alikuwa ametoka kutahiriwa msimu uliopita tu, na kidonda kilipopona hakuna aliyeweza kuishi naye. Alitembea amekakamaa kama amemeza mkuki. Watu wakimwita "mura", yaani kijana wa kiume aliyekamilika, aligeuka polepole ili walioko mbali nao wapate muda wa kumwona.

Wezi hawakutambaa wala kunyata. Walitoka nyuma ya vichuguu wakikimbia, na pinde mikononi, Wakurya kama sisi, wa ukoo wa upande wa pili wa bonde. Wa kwanza alimpiga Marwa rungu la paji la uso, na nawaambia mlio wake niliusikia ndani ya meno yangu. Marwa akaanguka kisimani, maji yakawa mekundu. Ng'ombe wakapigwa fimbo, wakaruka ndoo, wakaruka wasichana, mmoja akamkanyaga mwenzangu mguu ukavunjika kama muhogo. Kufumba na kufumbua kundi lote lilikuwa vumbi linaloondoka.

Yowe likapigwa. Wanawake wa kwetu wakipiga yowe, hata waliokufa hugeuka upande. Marwa akainuka kisimani, uso wote damu, akaokota mkuki wake, na badala ya kuwasubiri wanaume akakimbia kulifuata lile vumbi. Peke yake.

Baba alikuja mbio na upinde, podo na rungu. Aliuliza jambo moja tu: "Marwa yuko wapi?" Wakamwonyesha. Akatazama mbugani, akatazama Landrova, na Sudi akaanza kutikisa kichwa hata kabla hajaulizwa.

"Mzee, shikamoo. Gari hili la Mzungu. Siruhusiwi kupakia mtu, wallahi nitafukuzwa kazi."

Baba akapachika mshale, akauweka chini ya sikio la Sudi. Sumu yake ilikuwa nyeusi, bado mbichi.

"Mtoto amekwenda peke yake," alisema. "Akiwafikia, watamuua. Ama ataua yeye. Ikimwagika damu hapa, hakuna atakayerara usingizi tena, huku wara kure. Washa."

Sudi akawasha. Baba akarukia nyuma, akasimama kati ya mapipa, ameshika chuma cha turubai. Mimi nilikuwa nimejikunyata chini ya dashibodi, na hakuna aliyeniona mpaka tulipofika mbali.

Wenzangu, mimi baadaye nimepanda mabasi ya Musoma ambayo abiria husali kabla ya kulipa nauli. Hayakuwa kitu. Landrova ile iliruka kichuguu, ikatua kwa pua, ikaruka tena kabla haijajua imetua. Pipa moja la maji liliruka nje, likabingirika mbele yetu kwa muda kana kwamba linatuongoza. Miiba ilikwangua ubavuni kwa sauti ya paka wanaochinjwa. Vumbi liliingia puani, likakaa, na nina hakika lingine bado limo. Nilichungulia dirishani kuona kama miguu ya mbele imeshika kazi. Ilikuwa imeshika.

Vumbi la ng'ombe lilikuwa mbele yetu, likielekea vilima vya mawe, lakini baba aliijua mbuga ile kama mdomo wake mwenyewe. Alijua wezi watazunguka vilima, na kwamba kuna njia ya mkato, upande wa kulia, kati ya makorongo mawili. Akainama sikioni kwa Sudi akapiga kelele:

"Kuria!"

Basi, fikirini. Kwa sikio la mtu wa Tanga hilo si upande. Hilo ni kabila, kabila ambalo tangu afike alikuwa akisimuliwa habari zake kila jioni, na la mishale yake. Sudi akaona jambo moja tu: mzee ameona adui, wako hapa hapa. Akazungusha usukani kushoto, kuwakimbia.

"Kuria! Kuria!"

"Nimesikia mzee! Wako wapi? Siwaoni!" Akazidisha mwendo, kushoto zaidi.

Baba akampiga rungu la bega. Sudi akapiga ukelele, gari likapinda likaingia kwenye korongo la mchanga, likazama hadi tumboni. Akavuta kijiti, akaingurumisha, matairi yakatapika mchanga, klachi ikaanza kunuka ile harufu. Baba akaruka chini, akasukuma kwa mgongo huku akitukana kwa Kikurya matusi ambayo siwezi kuyaandika, na gari likatoka, nadhani kwa aibu. Akarudi nyuma kwa kurukia.

"Dereva, wewe ni mwenzao? Nasema twende kuria!"

"Mzee, si ninyi wenyewe ndio Wakurya?"

"Kuriaaa!"

Na rungu. Safari hii la kichwa. Kofia ikaruka, damu ikamshuka Sudi hadi kwenye kola. Akapinda kushoto tena, maskini, macho yamemtoka, akitafuta Wakurya kila upande isipokuwa pale walipokuwapo. Vumbi la ng'ombe lilikuwa linapungua mbele ya vilima, na ndani ya lile vumbi, mahali fulani, alikuwa Marwa anakimbia.

Mimi nilikuwa naelewa kila kitu. Baba anamwamuru Sudi kulia. Kwetu kama mkubwa anakupiga na kusema lia, ukilia anakuacha, usipolia anaona una kiburi anaongeza. Nilishangaa kwamba mtu mzima kama Sudi hajui sheria hiyo nyepesi. Nikatoka chini ya dashibodi, nikamvuta shati.

"Sudi, lia basi! Lia kidogo tu, atakuacha!"

"Nilie?" Alinitazama kana kwamba nimetokea kaburini. "Nilie vipi, binti?"

"Baba anasema kulia! Kulia!" Nikainua mkono wangu wa machozi, nikajifuta macho kumwonyesha.

Sudi akautazama mkono wangu. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika, kwanza mdomo, halafu macho.

"Lahaula," akasema. "Mkono wa kulia."

Akazungusha usukani kwa nguvu zake zote. Landrova ikasimama juu ya matairi ya upande mmoja, ikafikiri, ikarudi chini, tukaingia njia ya mkato. Nyuma baba akashusha rungu.

Miaka mingi baadaye nilisoma shule ya usiku. Mwalimu aliandika l na r ubaoni, akatuambia watu wazima sisi tutamke moja moja, darasa likaangua kicheko hadi taa ikayumba. Mimi napenda kucheka, wote wanajua. Siku ile sikucheka. Nilijua uzito wa ile herufi, kwa sababu tulipopotea mbugani kushoto na kushoto tena, muda ule ulikuwa wa mtu, na hakurudishiwa.

Tulitokea nyuma ya vilima uso kwa uso na ng'ombe wetu. Wezi hawakuwa wameona Landrova ikija mbio moja kwa moja kwao maishani. Walidhani ni serikali. Wakatupa mishale huku wakirudi nyuma, mmoja ukatoboa turubai, mmoja ukagonga boneti ukavunjika, halafu wakatawanyika kama kuku. Fahali wetu mkubwa, ambaye hakuwa na shukrani, akaona gari ndilo adui, akalipiga pembe akang'oa taa moja. Ng'ombe wote walikuwapo. Nikapiga makofi, nikamwita baba.

"Tata! Ng'ombe wetu! Tata, simama!"

"Pita," baba akamwambia Sudi.

"Tata, ni wetu!"

"Pita katikati. Pita!"

Hakuwageukia hata mara moja. Nilidhani vumbi limemwingia machoni asiwatambue. Mzee aliyekuwa akiwataja ng'ombe wake kwa majina kabla ya kututaja sisi, akawapita kama mawe.

Tulimkuta Marwa mbele kidogo, karibu na kichuguu. Alikuwa amesimama. Hai. Nikamwita kwa furaha. Mkuki haukuwa mkononi mwake. Ulikuwa tumboni mwa kijana mmoja wa wale wezi, aliyekuwa amekaa ameegemea kichuguu, ameushika mpini kwa mikono yote miwili kama mtu anayepokea zawadi. Alikuwa wa rika la Marwa. Hata ndevu hana.

"Tata," Marwa akasema. "Nimempata mmoja."

Baba akampiga kofi. Lilimtoa Marwa miguuni, na Marwa akabaki chini bila kujitetea.

"Uriwafikia sasa hivi?" Sudi akauliza taratibu, akiiga matamshi ya baba bila kujijua. Marwa akanyoosha kidole kwenye jua, akakisogeza kidogo tu: punde hii. Sudi akaketi kwenye ngazi ya gari, akashika kichwa chake kilichopasuka.

Baba alipiga magoti mbele ya yule kijana. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Nyamhanga."

Baba akafumba macho. Alimjua Nyamhanga, walitahiriwa msimu mmoja. Akauvunja mpini wa mkuki karibu na jeraha, kwa mkupuo mmoja, kijana akapiga ukelele ulionifanya nikojoe nikiwa nimesimama. Kisha akamwinua mikononi, na kabla ya kupanda akamgeukia Marwa.

"Kusanya ng'ombe. Nenda nyumbani, nawa, kula. Leo hukuwa hapa. Umenisikia? Hukuwa hapa."

Sudi akanishika mkono anishushe nibaki na kaka yangu. Baba akakataa.

"Aje. Wakiona mtoto wa kike watajua hatukwenda kupigana."

Ndipo nilipoona udereva. Sudi hakuambiwa na mshale tena. Alifuta damu usoni, akaweka gia ya chini, akasema, "Mzee, nikienda mbio mtikisiko utamuua. Nikienda polepole damu itakwisha." Na akapita kati ya hayo mawili. Kila jiwe aliliomba ruhusa. Kwenye korongo alishuka, akapima mchanga kwa mguu, akarudi, akateremsha gari kama mtu anayelaza mtoto. Baba alikuwa nyuma amempakata kijana, nami nimeshika kopo la maji. Hakutamka tena jina la upande wowote. Alinyoosha mkono, akamgusa Sudi bega hili, na Sudi akapinda huku. Bega lile, akapinda kule. Hatukukosea hata mara moja.

Kijana alikunywa kidogo, maji yakatoka puani.

"Hii ndiyo Landrova?" akaniuliza.

"Ndiyo. Ina miguu minne."

"Inakwenda sana?"

"Inashinda pundamilia," nikasema. "Inashinda risasi."

Akatabasamu. "Wenzangu hawataamini." Akafumba macho. Baada ya muda baba akainama akasikiliza kifua chake, akakaa hivyo hivyo kichwa kimeinama. Kisha akamgusa Sudi mabega yote mawili kwa pamoja.

"Porepore sasa," akasema. "Hakuna haraka."

Nikafurahi kwamba kijana amepata usingizi. Nikaanza kuwafukuza nzi wasimwamshe.

Boma la Nyamhanga lilikuwa juu ya kilima. Gari lilikuwa halijawahi kufika pale. Mama mmoja akatoka jikoni mikono ikiwa na unga, akaona Landrova inapanda kwake, kwake hasa, akapiga vigelegele. Alipiga kwa raha, ameinua uso, watoto wakatoka wakirukaruka. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea baba aliposhuka na kulaza upinde wake chini, na podo juu ya upinde. Halafu mama akaona nyuma ya gari. Sauti ikabadilika ikiwa hewani.

Wanaume wakaja na mikuki kutoka kila upande. Wakatuzunguka. Nyamhanga mwenyewe alikuja mwisho, mzee mrefu, akamtazama mwanawe muda mrefu, akamtazama baba.

"Nani?"

"Mimi," baba akasema.

Neno hilo moja lilikuja kuchukua ng'ombe wetu wote, wale wale, safari hii wakiswagwa kwa adabu. Lilimfanya baba aishi nje ya boma letu mpaka wazee wa pande zote mbili walipomtakasa, akilishwa na mama kwa kijiti, kwa sababu mikono yake ilihesabiwa ina damu. Marwa alikula ndani kwa mikono yake mwenyewe, na nilimwona kila jioni akikaa na tonge asimeze. Lakini damu haikumwagika tena kati ya bonde na bonde, na wanaume wa huku na huku wakalala.

Hayo yalikuja baadaye. Pale kilimani mikuki ilikuwa bado imeinuliwa, na mimi nilikuwa nimehamia kiti cha mbele, nimepigwa na butwaa. Baba amesema uongo. Baba aliyetuchapa kwa uongo mdogo wa maziwa! Nikaona amechanganyikiwa na safari, anahitaji kusaidiwa. Nilijua jibu sahihi, na nilikuwa mtoto wa kupenda kujibu. Nikasimama juu ya kiti ili wote wanione, nikajaza hewa kifuani.

Sudi hakujua Kikurya hata cha kuombea maji. Hakuelewa Nyamhanga ameuliza nini wala baba amejibu nini. Lakini alikuwa ameuona uso wa Marwa kule kwenye kichuguu, na sasa aliuona wangu, na mdomo unafunguka.

Akaweka kiganja kwenye honi, akaikandamiza. Ng'ombe wa Nyamhanga wakavunja zizi, mbwa wakakimbia, wanaume wenye mikuki wakarudi nyuma hatua nzima. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, mwenyewe sikujisikia. Sudi hakunitazama. Alitazama mbele, damu imemkaukia shingoni, na mkono hakuutoa mpaka nilipofunga mdomo.